Elise Yangu na Hesabu za Wengine

Mjomba wangu, ambaye ninamheshimu na ambaye ataendelea kuipata shikamoo yangu kila tukizungumza, ametuma ujumbe wa sauti katika kundi la ukoo akiuliza ni akili gani inayomtuma mama wa watoto wawili, aliyekwenda Uingereza kutafuta maisha, kununua gari la viti viwili ambalo buti lake halitoshi gunia la mkaa. Ameongeza kwamba kwa fedha hizo zingepatikana Noah za kuingia barabarani Tanga na kuleta hesabu kila jioni. Wengine katika kundi waliitikia kwa vicheko, na ndugu walioko huku huku Uingereza, wanaojua maisha ya hapa yalivyo, walinyamaza. Mjomba nimemjibu kwa adabu na kwa kifupi. Haya mengine ninayaandika kwa urefu kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayeulizwa maswali ya namna hii.

Gari lenyewe ni Lotus Elise S la mwaka 2007, na nimelinunua kwa pauni 24,000 za akiba, bila mkopo wa benki wala wa mtu. Najua kila msomaji wa nyumbani ataigeuza fedha hiyo kuwa shilingi na kuipima kwa viwanja, mabati na mifuko ya saruji, nami sina ugomvi na kipimo hicho kwa sababu nimekitumia miaka yote niliyokaa huku. Nyumba ya mama ina vigae, ina dari na ina tangi la maji. Wadogo zangu wamemaliza vyuo. Michango ya misiba na harusi za ukoo sijawahi kuikwepa. Yote hayo yametoka katika zamu za wodini zenye urefu wa saa 12 na nusu, nyingi zikiwa za usiku, na wakati wa baridi mtu huingia kazini giza limeshatanda na kutoka kabla halijaondoka. Kinachoniuma katika ujumbe wa mjomba ni dhana iliyomo ndani yake, kwamba jasho la mtu aliye ughaibuni ni mali ya watu wote isipokuwa mwenyewe aliyelitoa. Ndugu yetu wa kiume aliyeko Muscat alipojinunulia Land Cruiser V8, kundi lile lile lilimwombea dua na kumpongeza kwa siku kadhaa, na hakuna aliyeuliza V8 ile ingeleta hesabu gani jioni. Gari la kuonwa limekubalika. Gari la kuendesha, tena likiwa mikononi mwa mwanamke, limekuwa kesi ya ukoo.

Kwa hiyo nieleze nilichokinunua, kwa sababu naamini wengi wanaocheka hawajaelezwa.

Kiwanda cha Lotus kiko Hethel, kijiji cha Norfolk kilicho karibu na Norwich, mji ninaofanyia kazi. Kimejengwa kwenye uwanja wa ndege ambao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulitumiwa na ndege za Kimarekani za kudondosha mabomu, na sehemu za uwanja huo ndizo zilizogeuzwa kuwa njia ya kujaribia magari. Colin Chapman, aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1952 na kuihamishia Hethel mwaka 1966, alishikilia kwamba gari liboreshwe kwanza kwa kupunguzwa uzito, na nguvu zije baadaye. Alifariki mwaka 1982, lakini waliounda Elise, lililoanza kuuzwa mwaka 1996, walilishika neno lake bila kulilegeza. Chesisi ni mihimili ya alumini iliyoshikanishwa kwa gundi maalumu badala ya kuchomelewa, nayo katika toleo la kwanza ilikuwa na kilo 68 tu, na juu yake bodi ni ya faibaglasi. Gari zima la toleo hilo lilikuwa na kilo 725 hivi. Jina lake lilitokana na Elisa, mjukuu wa Romano Artioli, aliyekuwa akiiongoza kampuni wakati huo.

Jambo ambalo ningependa Watanzania walijue zaidi ni injini. Magari ya mwanzo yalitumia injini ya Rover, ambayo gasketi yake ya silinda hedi imewapa wamiliki wengi usumbufu, lakini baadaye Lotus waliingia kwa Toyota. Elise S kama langu lina injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyolazwa nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma, na injini hiyo ndiyo iliyomo katika Wish, Premio na Allion za toleo la kwanza za lita 1.8 ambazo kila fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Tanga ameshazifungua mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Hapa inatoa nguvu farasi 134. Katika Wish nguvu za kiasi hicho huvuta kilo 1,300 hivi kabla abiria hajapanda. Katika Elise huvuta kilo 860. Hata IST, ambayo kwetu ndiyo gari dogo la kuanzia maisha, ina takriban tani moja. Yapo matoleo ya Elise yenye injini nyingine ya Toyota, 2ZZ-GE, yenye nguvu farasi 189, ambayo huamka kweli kweli mizunguko inapopita 6,000 kwa dakika. Nimeyaendesha, ni mazuri, lakini bei yake ni kubwa zaidi na mimi sikuwa natafuta mbio.

Langu linatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zipatazo 6, na bado nasema hilo si ndilo lililonifanya nitoe fedha zangu. Starehe ya gari jepesi iko kwenye kona na kwenye breki. Uzito ukiwa mdogo, tairi halilemewi, gari halilali upande unapokata kona, na breki ukiigusa gari linatii hapo hapo. Usukani wa Elise hauna pawa, na kwa sababu injini iko nyuma, magurudumu ya mbele hayakubebeshwa mzigo mkubwa, kwa hiyo usukani unabaki mwepesi gari likishaanza kutembea, na kila mchanga, kila ufa wa lami, kila mahali palipolowa, unapahisi viganjani kama ninavyohisi mapigo ya mgonjwa chini ya vidole. Barabara ndogo zinazopita Reepham kwenda Holt zina kona nyingi zinazozunguka mipaka ya mashamba ya zamani, na kuzipita hizo asubuhi ya Jumapili kabla watu hawajaamka, paa likiwa limekunjwa, ni furaha ambayo sijaipata katika kitu kingine chochote ninachokimiliki. Haihitaji kuvunja sheria. Kikomo cha barabara hizo ni maili 60 kwa saa, na katika gari hili maili 45 zinatosha kabisa kumfanya dereva awe macho, ashike gia sahihi, na afikirie kona inayofuata badala ya kufikiria simu iliyoingia kutoka nyumbani.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva katika shamba la mkonge, na gari la kwanza nililolishika mimi lilikuwa Land Rover ya shamba, gia za mkono, usukani mzito, kwenye njia za vumbi jekundu kati ya mistari ya mkonge. Alinifundisha mimi, binti, mbele ya wanaume waliomwambia anapoteza mafuta. Alisema dereva husikiliza gari kwa makalio na mikono kabla ya masikio. Magari mengi mapya niliyoendeshwa au niliyoendesha hapa Uingereza yamejengwa ili usisikie chochote, na wapo wanaolipenda hilo, lakini mimi nilikuwa nikitamani kusikia tena. Kwa hiyo mtu anaponiambia nimeiga Wazungu, ninamjibu kwamba hamu hii nilikuja nayo kutoka Tanga.

Sasa niwageukie wanaofikiria kuja, au waliofika juzi. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha hapa kwa miezi 12 tangu uwe mkaazi, na baada ya hapo ni lazima ufanye mitihani yao, ya nadharia na ya barabarani. Wengi wetu huchagua kufanya mtihani kwa gari la otomatiki kwa sababu ni rahisi na unafaulu upesi. Fikirini vizuri. Ukifaulu kwa otomatiki, leseni yako hairuhusu gia za mkono, na Elise kama hili ni la gia za mkono tu. Jueni pia kwamba katika miaka miwili ya mwanzo tangu kufaulu, ukifikisha pointi 6 za makosa leseni inafutwa na unaanza upya, na kosa moja la mwendo huanzia pointi 3. Kwa muuguzi anayefanya zamu mahali pasipo na basi la usiku, leseni ni sehemu ya ajira.

Bima ndiyo iliyonikasirisha. Kampuni ya kwanza niliyoipigia ilitaja kiasi kilichokuwa karibu na mara mbili ya nilichokuja kulipa, na kabla ya kukitaja, mhudumu aliniuliza kama gari ni la mume wangu na kama mimi nitakuwa dereva wa ziada. Aliuliza hivyo baada ya kuwa nimeshamwambia mara mbili kwamba gari ni langu. Nilimaliza mazungumzo kwa heshima na nikakata simu huku moyo ukinidunda. Nilikuja kupata bima kubwa kwa mawakala wanaoshughulikia magari ya aina hii peke yake, ambao wanataka kujua maili utakazotembea kwa mwaka na mahali gari linapolala, na ambao wanakubaliana nawe thamani ya gari mapema ili siku ya ajali pasiwe na mabishano. Msikubali bei ya kwanza, na msimkubalie anayewahoji kama wezi wa mali yenu wenyewe.

Upande wa pili wa mizani aliukalia muuzaji. Alikuwa mzee wa Suffolk, mhandisi mstaafu, na wale wanaozijua yadi zetu za magari watanielewa nikisema kwamba sikuwa tayari kwa alichofanya. Nilipotaka kulipa malipo ya awali, alikataa. Alisema nisitoe hata senti kabla gari halijainuliwa na fundi asiyemjua yeye, na gharama ya kuliinua akailipa mwenyewe. Akanipa jalada lenye risiti za miaka yote, akanikalisha upande wa abiria na kunionyesha gari linavyopenda kuendeshwa, kisha tukabadilishana viti na akakaa kimya. Tuliporudi aliniambia anataka gari liende kwa mtu atakayelitumia, na si kwa atakayelificha bandani akisubiri bei ipande. Hakuniuliza natoka wapi mpaka nilipomweleza mwenyewe habari za Land Rover ya baba, ndipo tukazungumza hadi chai ikapoa.

Fundi alipoliinua nilisimama pembeni nikiuliza kila kitu, na haya ndiyo ya kuangalia. Chesisi ya alumini haili kutu kama chuma, lakini ikiwa imepinda kwa ajali haifai kunyooshwa kwa nyundo, kwa hiyo kagua mihimili ya pembeni na mahali saspensheni inapofungwa. Mikono ya saspensheni ni ya chuma, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu huila. Viungo vidogo vinavyoshika mwelekeo wa magurudumu ya nyuma vikilegea ni hatari, navyo vibadilishwe bila ubishi. Rejeta iko mbele kabisa, inapigwa na kila jiwe. Bodi ya mbele ni kipande kimoja kikubwa cha faibaglasi, na ufa mdogo unaweza kugharimu fedha nyingi. Historia ya ukaguzi wa kila mwaka inapatikana bure katika tovuti ya serikali kwa namba ya gari, na uthibitishe kama gari limewahi kufutwa na kampuni ya bima na kurudishwa barabarani katika daraja S (muundo wake uliumia) au N (muundo haukuumia), na kama halina deni la mkopo.

Kuhusu hoja ya mjomba kwamba fedha imetupwa, Lotus walisitisha kuunda Elise mwaka 2021, na magari yaliyotunzwa hayaporomoki bei kama gari jipya la mkopo linavyoporomoka likitoka tu dukani. Sikulinunua kwa ajili hiyo, ila kwa kuwa ameuliza, nimemjibu. Kulipeleka nyumbani sifikirii. Kodi ya uchakavu peke yake ingenitosha kuacha wazo hilo, na gari lenye kimo kisichofika mita 1.2 halina la kufanya kwenye matuta ya barabara ya Segera.

Ambaye ukaazi wake wa kudumu haujatoka, na bado anaweka akiba ya ada za viza, asubiri kwanza. Ambaye ameshatulia lakini hana fedha za Elise aangalie Mazda MX-5, gari la viti viwili ambalo Wajapani wamekuwa wakiliunda tangu mwaka 1989 kwa fikra ile ile ya wepesi, na ambalo kufikia mwaka 2016 lilikuwa limeshafika milioni moja. Ya zamani yanapatikana hapa kwa pauni elfu chache, vipuri viko kila mahali, na adui mkubwa ni kutu ya mihimili ya chini na ya matao ya magurudumu ya nyuma. Chukua tochi, lala chini ulichungulie, na ukiona pamepakwa rangi nyeusi mpya mahali hapo peke yake, mshukuru muuzaji na uondoke.