Punguzo la Bati Mpaka Bosi Apokee Simu

Nasimamia tawi la duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Fundi akiomba apunguziwe mia tano kwa kila bati, lazima nimpigie bosi Kariakoo. Asipopokea, fundi huyo kavuka barabara kwa jirani. Kule Handelsbanken, benki ya Uswidi, Jan Wallander alipoingia uongozini mwaka 1970 matawi yaliachiwa uamuzi wa mikopo, maana meneja wa tawi ndiye anayemjua mteja. Manunuzi, sawa, yabaki Dar: bosi akiagiza kontena zima la misumari anapata bei ambayo mimi siipati ng'o. Lakini punguzo jamani! Nipewe kiwango changu, hesabu azikague jioni. Nimeshamwandikia. Kajibu, "Tutaongea."