Niliuliza "Jana Ulifanya Nini?" Nikatulia na Kozi Yangu

Nilipofika Iringa mwezi wa Novemba kuanza mwaka wa kwanza wa ualimu wa fizikia na hisabati, haikupita wiki mbili kabla ndugu zangu hawajanichagulia kozi nyingine. Mjomba alitaka uhasibu, kaka alisisitiza ununuzi na ugavi, na shangazi wa Njombe, mwenye shamba la parachichi, aliapa kwamba kilimo ndicho kitakachonitoa. Hadi leo ninakereka kwamba hakuna aliyeniuliza ninapenda kushinda nikifanya nini.

Nilimsikiliza kaka. Nilijaza fomu ya kuhama kozi, nikazunguka siku nne kutafuta sahihi, na siku ya tano karani akaniuliza kama nimefikiria mkopo wangu, kwa kuwa Bodi ya Mikopo huangalia pia kozi unayosoma. Sikuwa nimefikiria. Nikarudi Kihesa na fomu yangu mkobani, nikakesha.

Ndipo nilipoamua kuwafuata wahitimu makazini mwao, nauli ikiwa shilingi elfu chache zilizotoka kwenye bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo. Usiwaulize kama kazi inalipa, maana kila mtu ana jibu la kukulinda au kukuvutia. Mimi niliuliza, "Jana ulifanya nini tangu asubuhi hadi jioni?" Afisa ugavi mmoja wa Mafinga, mtu mkarimu sana, alinionyesha jalada la zabuni ya madawati alilolihakiki ukurasa kwa ukurasa tangu saa mbili hadi saa tisa, naye alikuwa akilipenda kweli. Mimi nilihesabu dakika. Nenda mwenyewe, kwa sababu simu haikuonyeshi uso wa mtu akiwa kazini.

Mwalimu wa fizikia niliyemwendea baadaye hakunijibu swali. "Karibu darasani, mwanangu," alisema. Alikuwa na betri mbili za tochi, balbu ndogo na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara aliyoikata vipande vyembamba badala ya nyaya. Mara mbili balbu haikuwaka. Akamwita msichana wa dawati la nyuma, akamwambia abane ncha kwa vidole vyake mwenyewe, na ilipowaka yule msichana alipiga kelele, kisha akaiachia ili aiwashe tena. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama kwa muda gani.

Fomu sikuirudisha. Mwezi wa saba nilipokwenda Mufindi kwa mazoezi ya kufundisha, nilibeba betri mbili na balbu aliyonipa mwalimu yule.