Ile "m" ya kutamka

Semina ya ushairi ilikuwa Jumanne, leo Jumapili, na bado naisikia sauti ya Mwalimu. Bum, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, limeingia, nimehamishiwa chumba cha juu, jana kaka kaoa, picha mmeziona. Yote yamepita. Kilichonikaa ni yale maneno machache.

Zamu yangu ilikuwa kuchambua ubeti wa utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la wasia ambalo mshairi huyu mzaliwa wa Pate alimtungia bintiye, Mwana Hashima, mwaka 1858. Nilijiandaa wiki nzima. Nikauandika ubaoni:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Nikaeleza: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane, kina cha -ka mara tatu, kisha kile cha bahari, -ia, kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Nikaonyesha hata "m" ya "kutamka" kwamba ni silabi inayojitegemea; usipoihesabu, mizani inabaki saba. Wenzangu wakaandika. Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Mwalimu akauliza taratibu, "Na huyu mama, anaumwa tangu lini?"

Nikafunua daftari. "Sijui, Mwalimu. Nadhani imo kwenye utangulizi."

"Ameshakwambia mwenyewe, mwanangu."

Nikageuka. Yametimu mwaka. Kwa mwandiko wangu, kwa chaki yangu.

Hakunikaripia, na pengine ndiyo maana inauma. Darasa likaingia kwenye mjadala wa mke kumtii mume, maana utendi huu watu huufahamu kwa hilo tu, na sauti zikapanda mpaka muda ukaisha. Mimi nilikaa kimya. Ameshakwambia mwenyewe. Nimeyasikia kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, hata jana ukumbini ukoo wetu ulipoitwa mbele kutoa zawadi. Mama anahangaika mtu amwelewe, na mimi nimesimama mbele yake nahesabu kwa vidole.

Usiku wa kuamkia leo usingizi ulikataa. Nikakaa kitandani nikausoma ubeti kwa mnong'ono, mwenzangu asiamke. Sikuhesabu. Nilipofika "kutamka" midomo ikafunga. Nikarudia. Ikafunga tena. Ile "m" niliyoionyesha ubaoni kama kitu cha mtihani, ndipo kinywa kinapozibika, ndani ya neno lenyewe la kusema! Mwaka mzima kitandani, neno jema kwa mwanawe halijapata njia, na midomo ya msomaji nayo inazibwa kidogo kabla ya kuachiwa. Kisha ubeti unaofuata anamwita binti asogee na wino na karatasi.

Nililia, lakini kwa furaha. Nikaona kuhesabu kwangu hakukupotea. Bila mizani nisingeijua hiyo "m" iko wapi. Ila niliishia mlangoni. Kesho kutwa nitamfuata Mwalimu ofisini nimwambie. Sitaki alama, nataka tu ajue kwamba nimemsikia yule mama.

Baba mdogo amepiga sasa hivi, kafika Kilosa alfajiri. Mvua imeshika na mahindi bado yako uani. Anauliza turubai la bluu. Mimi ndiye niliyelikunja mara ya mwisho, likizo, na sikumbuki kama nililiweka darini au nililirudisha kwa shangazi. Shangazi hapokei simu.