Taa ya kucha inayotengeneza bodi za saketi

Natengeneza bodi za kuendesha mashine za kutotolesha vifaranga, hapa Arusha. Zamani nilihamisha mchoro kwa pasi: karatasi yenye wino wa leza juu ya shaba, unakandamiza, unaloweka, unaomba. Nilipoanza kutumia chipu zenye miguu iliyosongamana, pasi ikashindwa. Nikahamia filamu kavu, ile ya buluu inayobandikwa juu ya shaba na kuwa ngumu ikipigwa na miale ya UV (urujuanimno). Sasa miale hiyo niitoe wapi?

Jua lipo, tena la bure. Mji huu uko karibu na ikweta, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la Januari saa sita mchana halina mzaha. Shida ni kwamba haliaminiki. Juni na Julai mawingu yanaweza kukaa juu yetu asubuhi nzima, na hata siku safi, wingu moja la kutoka Meru likipita katikati ya kazi hesabu yote imeharibika. Bodi moja ya kujaribia, sawa. Bodi za mteja zinazotakiwa kufanana, hapana.

"Fundi, hii ndiyo UV yenyewe, inaua mpaka bakteria," muuzaji mmoja aliniambia, akinionyesha taa ya kutakasia maji. UV ni kweli, ila ya nanomita 254 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kioo cha kawaida kinaizuia, kwa hiyo filamu, ambayo naibana chini ya kioo wakati wa kuipiga mwanga, haipati kitu. Utakayepata ni wewe, machoni na kwenye ngozi. Nikamrudishia. Filamu kavu inataka nanomita 365 hadi 405 hivi, na hizo kioo cha dirisha kinazipitisha. Ndiyo maana siulizi wati kwanza, nauliza nanomita. LED nyingi za zambarau za kumbi za muziki ni 395 kwenda juu: zinafanya kazi, lakini taratibu. Usidanganywe na ukali wa zambarau, maana 365 yenyewe jicho haliioni vizuri. Taa ya kukagulia noti bandia inafaa kwa nanomita, ila mrija wake ni mdogo. Labda kwa bodi ya ukubwa wa kiberiti.

Nilichokitafuta kilikuwa saluni. Dada mmoja wa kucha pale Kaloleni alikuwa amenunua taa mpya ya kukaushia jeli, akaniuzia ya zamani huku akicheka. Nyingi za taa hizi zina LED za 365 na 405 kwa pamoja, na zina kipima muda chake.

Ila zimeundwa kwa ajili ya vidole, hivyo LED ziko mpaka ubavuni. Mwanga wa ubavuni hupenya chini ya weusi wa negativu (plastiki angavu iliyochapwa mchoro, nyeusi pale pasipotakiwa shaba), mistari ikanenepa na nafasi kati ya miguu ya chipu zikaziba. Hizo nilizifunika kwa tepu nyeusi, nikaacha za juu tu, kisha nikaipandisha taa kwenye boksi la mbao ili mwanga usambae sawasawa. Negativu naiweka upande wa wino ukigusana na filamu, juu yake kioo kizito. Usiweke polikaboneti badala ya kioo. Itameza miale hiyohiyo unayoitaka.

Muda nautafuta kwa kipande cha bodi: nafunika kwa kadibodi, nasogeza kila baada ya sekunde 10, halafu naosha kwa sodiamu kaboneti, gramu 10 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Palipopata mwanga haba filamu inaondoka yote. Palipozidi, hata mapengo hayafunguki. Nachukua muda wa katikati na kuuandika juu ya taa. Ukibadilisha filamu au kimo cha boksi, pima upya. Mapengo yakigoma kufunguka kwa kila muda, shida ni weusi hafifu wa negativu: chapa mbili, zipandanishe.

Kwa miguu ya chipu iliyoachana nusu milimita, taa hii inanitosha. Iliyosongamana kuliko hapo naagiza kiwandani.