Siku moja maishani mwangu: namenya bongo za nguruwe ili tukielewe kiharusi

Saa 11 alfajiri niko macho kabla simu haijalia. Siku za machinjioni usingizi huwa mwepesi. Chai, masweta mawili, boksi la barafu, naondoka.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza. Nyumbani Moshi wanasema natafuta dawa ya kiharusi. Si uongo, lakini anayesikia hivyo hunifikiria nimeinamia darubini kutwa nzima. Darubini ninayo. Ila saa nyingi za kazi yangu zinakwenda kwenye kumenya bongo za nguruwe kwa kibano, moja baada ya nyingine, na ndiyo maana naandika haya.

Saa 12 na nusu niko machinjioni. Najua wapo wasomaji watakaokunja uso kwa huyu mnyama, na nawaheshimu. Tunamtumia kwa sababu mishipa ya ubongo wake inafanana sana na yetu, na kwa sababu anachinjwa kwa ajili ya nyama hata tusipofika, kwa hiyo hakuna mnyama anayekufa kwa ajili yetu. Ng'ombe naye angefaa, lakini tangu ule ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, ubongo wake una masharti makali huku.

Leo mnyororo unaobeba nyama umesimama. Msimamizi ananiambia nisubiri dakika kumi. Zinapita kumi, zinapita ishirini, anarudi na kuniambia kumi nyingine. Nimekaa karibu na mlango wa kupakilia, upepo unaingia hadi mifupani, na kinachoniumiza zaidi ya baridi ni saa. Mnyama akishachinjwa, damu ya ubongoni inasimama, na zile seli ninazozihitaji zinaanza kufa. Ubongo unaopatikana mapema na kuwekwa kwenye barafu papo hapo unanipa seli hai nyingi. Ukichelewa, nitafanya kazi ile ile kwa jasho lile lile na kupata nusu. Namwomba msimamizi anipe wa wanyama watakaopita kwanza mtambo ukirudi, si wale waliokwama. Anakubali, tena kwa upole. Lakini ninapofunga boksi langu lenye bongo sita, saa moja na nusu imeshapotea, na mwenzangu aliyekuwa anisaidie ana kipindi cha kufundisha. Nitamenya peke yangu.

Saa 4 asubuhi niko ndani ya kabati la hewa safi, glavu mbili mbili, ubongo wa kwanza kwenye kisahani.

Ubongo umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa mikubwa ya damu. Huo wote lazima utoke, maana ukibaki, seli zake zitakua haraka kuliko zetu na kuharibu kila kitu. Shida ni kwamba haukai juu tu kama lile ganda jembamba la ndani la yai la kuchemsha. Unaingia kwenye kila mkunjo, na ubongo wa nguruwe una mikunjo mingi. Nashika ncha kwa kibano, navuta taratibu. Nikivuta kwa nguvu unakatika, kipande kinabaki chini kabisa ya bonde, nami naanza kukitafuta. Nikisita sana, barafu inayeyuka. Ubongo wa pili shingo inaanza kuuma. Wa tatu vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wa nne sihesabu tena dakika.

Mtu akiuliza kwa nini nateseka hivi, jibu ni mishipa iliyo chini ya utando huo, midogo mno kuonekana kwa jicho. Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na ndani yake inakadiriwa mna kilomita zipatazo 600 za mishipa midogo ya namna hii. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alieleza kwamba rangi alizowadunga wanyama kwenye damu zilienea karibu mwili mzima, isipokuwa ubongoni. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akageuza jaribio mwaka 1913: akaidunga rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukapata rangi, mwili haukupata. Kulikuwa na kizuizi. Mwaka 1967 watafiti Reese na Karnovsky walionyesha kwa darubini ya elektroni kwamba kizuizi hicho kimo kwenye seli zinazounda ukuta wa mshipa, ambazo zimeshikana kwa viungio vilivyokaza hata vitu vinavyopita kati ya seli za mishipa ya sehemu nyingine vikwame hapo. Seli hizo ndizo ninazozitafuta.

Simu inatetemeka mfukoni. Siwezi kuigusa.

Baada ya ubongo wa sita naondoa sehemu nyeupe, ile ya kijivu naitwanga kwa kinu cha kioo, naichuja kwa nailoni yenye matundu ya maikromita 150, kisha 60. Mishipa inabaki juu ya chujio. Inaingia kwenye vimeng'enya vinavyoziachanisha seli, kwa saa moja kwenye joto la nyuzi 37, na kwa saa hiyo ninapata nafasi ya kukaa.

Napiga simu. Ni mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hivi ile dawa yenu imefikia wapi?"

Shangazi yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza, na mjomba tangu hapo anauliza kila akipiga. Namweleza tena. Dawa ipo, inaitwa alteplase, inayeyusha damu iliyoganda na kuziba mshipa, lakini inataka mgonjwa afike mapema: saa tatu za mwanzo kwa jaribio kubwa la Marekani la mwaka 1995, na tangu 2008 ikaonekana inaweza kusaidia hadi saa nne na nusu. Tena lazima kichwa kipigwe picha kwanza, kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Na ina hatari yake. Katika jaribio lile la 1995, asilimia 6.4 ya waliopewa walivuja damu ubongoni kwa kiasi cha kuonyesha dalili, wakati kwa wasiopewa ilikuwa 0.6. Kizuizi kikinyimwa hewa kinalegea, na damu ikirudi kwa nguvu inapenya. Ndicho tunachokichunguza: kinalegea vipi, kwa kasi gani, na nini kinaweza kukizuia kisilegee.

"Kwa hiyo bado," anasema.

"Bado, mjomba. Wewe presha umepima lini?"

Kimya. Kisha ananiambia jirani kamwonya kwamba dawa za presha ukishazianza huziachi. Hapo uchovu wote unaniisha. Namwambia ni kweli hutaziacha, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu presha ndiyo inayoichosha mishipa hii miaka na miaka bila mtu kusikia maumivu. Namwomba apime leo, si kesho. Kengele ya vimeng'enya inalia, nakata simu. Vikizidisha muda vinaanza kuzila seli zenyewe.

Kuosha, kuzungusha, kuosha, kugawa kwenye vichupa, kugandisha.

Jioni, sijui ni saa ngapi kamili, ila nje giza limeshaingia, napima seli za wiki iliyopita. Hizo zilipandwa kwenye vichujio na kupewa puromaisini, sumu inayoua karibu kila aina ya seli isipokuwa hizi. Zinapona kwa sababu zina pampu zinazoitema sumu nje, pampu zile zile zinazozuia dawa nyingi zisiingie ubongoni. Kila nikiona kisahani kimebaki na hizo tu, nyembamba, ndefu, zimelala sambamba, najisikia fahari ambayo sijui kuificha.

Nachomeka elektrodi mbili, moja juu ya chujio, moja chini, nasoma ukinzani wa umeme: ukiwa mkubwa, kizuizi kimekaza; ukishuka, kimelegea. Zenye hewa ziko juu ya omu 700. Zilizonyimwa oksijeni na sukari tangu mchana, kuigiza kiharusi, zimeshuka chini ya nusu. Narudia kila kichujio mara tatu, naandika, ingawa macho yananata. Mtafiti atakayeyatumia haya maandishi hajui mgongo wangu ulivyo saa hii, lakini tarakimu zangu ataziamini, na ana haki ya kuziamini.

Nafuta meza kwa dawa, natoa taka, nazima taa.

Kwenye basi nafungua ujumbe wa mjomba. Amepima kwenye duka la dawa: 168 kwa 102. Moshi sasa ni usiku, lakini napiga. Anapokea. Nambembeleza kesho asubuhi aende kliniki kabla ya shamba, na binamu yangu, ambaye namsikia pembeni, anasema atampeleka mwenyewe.