Mtwara hadi Lindi kwa gari dogo: saa mbili zinazotaka mpango

Kutoka Mtwara mjini hadi Lindi mjini ni takribani kilomita 110, lami mwanzo mwisho. Kwa kuwa ni karibu, wengi huichukulia kama safari ya kwenda sokoni: chukua funguo, weka mafuta ya elfu ishirini, twende. Ndiyo maana kila wiki utaona gari dogo limeegeshwa pembeni, boneti juu, mvuke unatoka, na abiria wamekaa chini ya mkorosho wakisubiri fundi atoke Mtwara. Yaliyomo humu ni ya mtu mwenye gari la kawaida, IST, Passo, Raum au Noah, anayetaka kwenda asubuhi, amalize shughuli zake, na arudi kabla ya giza.

Anza na saa ya kuondoka, na saa hiyo ipange kwa kufuata jua. Kutoka Mtwara hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, barabara kwa ujumla inaelekea magharibi. Kuanzia pale inapinda kwenda kaskazini mashariki hadi Lindi, kipande cha kilomita ishirini na kitu tu. Maana yake ni kwamba anayetoka Mtwara asubuhi ana jua mgongoni sehemu kubwa ya safari, na akirudi jioni linakuwa mgongoni tena. Mtu wa Lindi mambo yake ni kinyume kabisa: akienda Mtwara asubuhi jua liko usoni, akirudi jioni liko usoni. Kama wewe ni wa Lindi, jua likishapanda ndipo uondoke, saa 3 asubuhi hivi, na urudi kabla ya saa 10 alasiri. Huwezi? Basi futa kioo cha mbele ndani na nje usiku wa kuamkia safari. Ule ukungu wa mafuta unaojijenga ndani ya kioo hauonekani kivulini, ila jua la chini likiupiga, kioo chote kinageuka maziwa.

Mwenye jua mgongoni naye asijisahau. Yeye anaona vizuri, lakini dereva anayekuja mbele yake haoni, maana jua lile lile linampiga machoni. Washa taa za mbele hata kama ni mchana kweupe. Haigharimu chochote, na ndiyo njia pekee ya yule wa mbele kukutofautisha na mng'aro wa lami.

Sasa muda. Sheria inaweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na magari ya abiria na malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi 80. Chukulia kilomita 40 za safari hii ni za mijini na vijijini, unazipita kwa 50: dakika 48. Zilizobaki 70 unazipita kwa 80: dakika 52 na nusu. Jumla ni saa moja na dakika 40. Ongeza kusimamishwa na trafiki, kununua maji na lori moja usiloweza kulipita, unapata saa mbili. Panga saa mbili. Ukipandisha hadi 100 kwenye zile kilomita 70 utatumia dakika 42, yaani umeokoa dakika kumi na nusu tu. Tochi moja, yaani kamera ya trafiki ya kupima mwendo, ikikunasa unaingia kijijini hujapunguza, kusimama na kuandikiwa faini ya shilingi 30,000 kunakula zote. Mwenye haraka atoke nyumbani dakika 15 mapema, basi.

Tochi zenyewe hukaa pale ambapo dereva anaamini kijiji kimeisha. Kijiji hakiishi nyumba zinapoisha, kinaishia kwenye kibao cha 50 kilichokatwa mstari. Kati ya nyumba ya mwisho na kile kibao panaweza kuwa na mita mia kadhaa za barabara tupu iliyonyooka, na hapo ndipo mguu unakuwa mzito. Subiri kibao. Na ukiingia kijijini, punguza kabla ya kibao cha 50 badala ya baada yake, kwa sababu mara nyingi rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) na matuta vinafuata muda si mrefu. Tuta ukilipanda kwa 70 unaweza kupinda rimu, kupasua shokomzoba, au vyote viwili.

Kwenye gari lenyewe, tairi zipewe muda kuliko kitu kingine. Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo ya mlango: pana stika yenye kiwango cha upepo. Magari mengi madogo yanataka kati ya psi 30 na 35, lakini fuata stika ya gari lako, na kama ina viwango viwili, ukiwa na abiria wanne na mizigo chukua cha juu. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi iliyotembea inapata joto, upepo unapanda kwa psi tatu hadi tano, ukipima hapo utadanganyika na kupunguza upepo uliokuwa sahihi. Kipimo cha fundi pancha kimeangushwa chini mara nyingi, nunua chako kikae kwenye dashibodi.

Watu wanaogopa upepo mwingi, lakini tairi nyingi zinazopasuka safarini zilikuwa na upepo mdogo. Ubavu wa tairi legevu unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, unapata joto, waya na nyuzi za ndani zinaachana, na kwa 90 kwenye lami ya saa 7 mchana inapasuka. Umri nao ni muhimu. Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya kijiduara: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata (meno ya kukanyagia lami) nzuri kabisa na bado mpira wake umekauka. Ukiona vijiufa vidogo ubavuni, hiyo si ya kwenda nayo Lindi.

Na spea? Isukume kwa kidole gumba, halafu usiamini kidole, pima. Magari mengi ya Japani yana ile spea nyembamba, na hiyo inataka psi 60, karibu mara mbili ya tairi za kawaida. Iliyokaa kwenye buti miaka mitano bila kuguswa mara nyingi utaikuta na 20. Ukiifunga usizidi 80 kwa saa, na usiizoee: iko kwa ajili ya kukufikisha kwa fundi wa karibu. Jeki iwepo, spana ya nati za tairi iwepo, na kipande cha ubao cha ukubwa wa sahani, kwa sababu kandokando ya lami hii udongo ni wa mchanga na jeki inazama. Jaribu kulegeza nati moja ukiwa nyumbani. Zilizokazwa na mashine ya upepo wakati mwingine hazitoki kwa spana fupi ya kwenye gari, na ni vizuri kulijua hilo ukiwa uani kwako.

Kinachofuata ni rejeta. Sisi wa pwani tuna tabia ya kujazia maji ya kisima, na visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Chumvi inakula rejeta na pampu ya maji kutoka ndani, inaacha kutu inayoziba njia, na gari linaanza kuchemsha siku lilipobebeshwa mzigo likapanda kilima. Tumia kulanti, ile dawa ya kupoza injini, au angalau maji ya chupa au ya mvua. Angalia asubuhi injini ikiwa baridi. Mshale wa joto ukianza kupanda njiani, zima AC, punguza mwendo, tafuta pa kusimama, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla ya nusu saa. Maji yaliyobanwa mle ndani yamezidi joto la kuchemka, ukifungua yanaruka usoni.

Oili, breki, waipa na taa za nyuma ni dakika tano. Nguzo za betri zisafishe kama zina unga mweupe au wa kijani, hewa ya bahari huku inaharakisha. Mafuta: gari la injini ya 1300 au 1500 linakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa lita, hivyo kwenda na kurudi ni lita 15 hadi 19. Weka 25. EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukisafiri karibu na siku hiyo usingoje kujaza Lindi kwa kubahatisha, jaza Mtwara.

Barabarani, kilomita kumi za kwanza hadi Mikindani zina bodaboda, bajaji na wanafunzi. Mikindani imekaa chini, ghuba mbele, vilima nyuma, na barabara inapita imebanwa katikati. Ukirudi kutoka Lindi unashuka, na kushuka huko usikufanye kwa breki peke yake: weka gia ya 2 kwenye gari la otomatiki, au ya tatu kwenye la manyuo, injini ikushike. Pedi za breki zikipata joto kupita kiasi kanyagio linakuwa gumu lakini gari halipungui. Mtwara haijasahau ajali ya gari la shule ya Julai 2022 huko Mikindani, na mahali hapa panastahili heshima hiyo kila unapopita.

Halafu kuna malori. Njia hii inabeba saruji kutoka kiwanda cha Dangote, makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayokwenda bandari ya Mtwara, na kuanzia Oktoba inabeba korosho. Utakuwa nyuma ya lori, hilo ni hakika, kwa hiyo jifunze hesabu ya kulipita. Lori la mita 18 linakwenda 60, wewe unakwenda 80. Unalipata kwa mita tano na nusu tu kila sekunde. Ukianzia mita 20 nyuma yake na kurudi upande wako mita 20 mbele yake, unahitaji sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo umekula mita 240 za barabara, na gari linalokuja mbele nalo kwa 80 limekula mita 240. Karibu nusu kilomita! Kama huioni nusu kilomita yote ikiwa tupu, tulia nyuma. Kaa mbali kidogo na lori, maana ukijibana kwenye tela unachokiona ni tela tu.

Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto anakwambia njia nyeupe, ya kulia anakwambia subiri. Ni wema, ila ya kulia inaweza pia kuwa anakata kulia kweli, na ya kushoto haijui kasi ya gari lako. Ipokee kama taarifa, uamuzi ubaki kwako. Ukiona matawi ya miti yamepangwa kwenye lami, mbele kuna gari lililoharibika: punguza mara moja. Na hata kama gari limeshaondoka, mawe yaliyowekwa kuzuia tairi mara nyingi yameachwa pale pale.

Mnazi Mmoja ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Lindi ni kulia. Ukikosa kukata utajikuta unaelekea Mtama na Masasi. Mabasi na bodaboda huingia barabarani hapa bila taarifa, kwa hiyo pita taratibu.

Msimu unabadilisha hesabu zote. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inanyesha, na matone ya kwanza ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanachanganyika na oili na vumbi. Kwa 80 kwenye lami kavu unasimama ndani ya mita 70 hivi, ukihesabu na muda wa kushtuka. Kwenye lami iliyolowa ni karibu mita 100. Nenda 60. Shimo lililojaa maji halina kina unachoweza kukisia. Agosti hadi Oktoba watu wanachoma mashamba, na moshi unakata barabara ghafla: washa taa za mbele kwa mwanga wa chini, usisimame ndani ya moshi. Wakati wa likizo na baada ya mavuno kuna jando na unyago, watu wanatembea kwa makundi kandokando ya lami na ngoma, watoto mbele. Hapo hata 50 ni nyingi. Wiki ya Nanenane kuna msongamano upande wa Lindi kwa sababu ya viwanja vya Ngongo.

Gari likiharibika, litoe nje ya lami yote, washa hazadi, weka pembetatu nyuma angalau hatua 50, na abiria wote wakae mbali na barabara, nyuma ya gari asikae mtu. Namba ya polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Upande wa Mtwara hospitali ni Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Upande wa Lindi ni Sokoine. Chora mstari kichwani: kabla ya nusu ya njia unarudi Mtwara, baada ya hapo unakwenda Lindi.

Ukifika Lindi, kabla hujafunga gari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, breki yake inashika au bearingi inakufa, na una mchana mzima wa kumtafuta fundi kabla ya kurudi.