Tubbataha: mwamba unaolindwa usiku na mchana

Tubbataha hakuna hoteli, hakuna kijiji, hakuna hata kisima. Ni miamba ya matumbawe katikati ya Bahari ya Sulu, nchini Ufilipino, kilomita zipatazo 150 kutoka mji wa Puerto Princesa katika kisiwa cha Palawan. Anayetaka kuzamia huko hana njia nyingine: atalala melini, atakula melini, ataoga melini. Msimu nao ni mfupi, katikati ya Machi hadi katikati ya Juni. Miezi mingine bahari huchafuka na meli za wazamiaji haziendi.

Nilitoka Dar es Salaam kwa ndege kupitia Doha na Manila, nikaunganisha hadi Puerto Princesa. Tulipanda meli jioni, tukasafiri usiku kucha. Kulipopambazuka, nchi kavu haikuonekana upande wowote. Meli ilikuwa imefungwa kwenye boya, maana kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku.

Maisha ya melini hayana mambo mengi: unazama, unakula, unalala kidogo, unazama tena. Mbizi ya kwanza ni kabla ya kifungua kinywa. Wengi wetu tulitumia nitroksi, hewa iliyoongezewa oksijeni na kupunguziwa naitrojeni, kwa sababu ukizama mara kwa mara kwa siku, naitrojeni hujilimbikiza mwilini. Kila tulipopanda tulisimama kwenye mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka majini, ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Hilo halikuwa na mjadala: hospitali iko mbali mno.

Miamba hii imejengeka juu ya volkano zilizozimika zamani. Juu ni maji mafupi yenye jua, halafu mwamba unakatika ghafla na ukuta unashuka hadi usikoona. Tuliingia kwa kujirusha kinyumenyume kutoka boti la mpira, tukaachia mkondo utupeleke. Kolekole walipita kwa makundi, mzia wakazunguka juu yetu, kasa akatupita karibu bila kuhangaika. Kwenye mita kama 18 nilimkuta chewa mkubwa ametulia, mdomo wazi. Kisamaki chembamba chenye mstari mweusi kilikuwa ndani ya mdomo huo kikimchokoa vijidudu. Kiliingia mbele, kikatokea kwenye mashavu, kikarudi tena. Chewa alijitikisa kidogo, kisamaki kikatoka upesi; alipofungua tena mdomo, kikaingia. Niliwaangalia hadi kiongozi wetu akanigongea mtungi kunikumbusha kuwa wenzangu wameshasogea.

Papa ndio walionishika zaidi. Kuna sehemu inaitwa Shark Airport, yaani uwanja wa ndege wa papa, mteremko wa mchanga ambako papa wenye ncha nyeupe kwenye pezi hulala chini kama ndege zilizotua. Nilidhani papa akisimama anakufa. Hawa hawafi, kwa sababu wana uwezo wa kuvuta maji wenyewe na kuyapitisha kwenye mashavu yao, na niliona mipasuko ya mashavu ikifunguka na kufunga taratibu mmoja wao alipolala. Sikuhesabu niliwaona wangapi. Kwa mtu aliyezoea kuona papa mnadani Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, akiwa amekatwa vipande, kule kuwaona wamelala kwa amani kulinigusa sana.

Kingine ni sauti. Mwamba ulio hai una mlio wa kupasukapasuka usiokoma, mwingi ukitoka kwa kamba wadogo wanaofyatua kucha zao. Nilijifunza kuzamia Dar es Salaam miaka ambayo baruti za kuvulia samaki zilikuwa zinapigwa ovyo. Ukiwa chini ya maji ulisikia mshindo kifuani, hata kama aliyerusha yuko mbali na humwoni. Baada ya mshindo ulijua mahali fulani matumbawe yamegeuka kokoto, na kokoto zinazobingirishwa na mawimbi hazioti matumbawe mapya kwa urahisi. Tubbataha nao walipita huko. Miaka ya 1980 wavuvi walifika na baruti pamoja na sumu ya sianidi, na mwaka 1988 serikali ikautangaza mwamba kuwa hifadhi ya taifa ya bahari. UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1993.

Lakini tangazo peke yake halimzuii mtu mwenye baruti. Kinachomzuia ni askari aliyepo pale pale. Juu ya kifungu cha mchanga kuna kituo cha walinzi, na walinzi huishi humo mwaka mzima kwa zamu za miezi, hata msimu wa dhoruba. Wamechanganyika: wanamaji, walinzi wa pwani, wafanyakazi wa ofisi ya hifadhi na watu wa manispaa ya Cagayancillo, yenye mamlaka juu ya eneo hilo. Meli yetu iliwapelekea matunda na mboga, wakatupokea kwa furaha ya watu wasioona wageni mara kwa mara.

Walitusimulia habari za mwaka 2013. Januari, meli ya kivita ya Marekani, USS Guardian, ilipanda juu ya mwamba. Ramani yake ya kidijitali ilikuwa imeuweka mwamba mahali sipo. Ilibidi ikatwe vipande ili iondolewe. Matumbawe ya mita za mraba 2,345 yaliharibika, na Marekani ikalipa fidia ya peso milioni 87. Aprili mwaka huo huo ikakwama meli ya wavuvi kutoka China, ndani yake imejaa kakakuona waliogandishwa.

Mlinzi mmoja wa makamo aliposikia natoka Tanzania aliuliza kama na sisi tunalala mwambani. Nilimweleza kuhusu Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza kwetu, iliyoanzishwa mwaka 1995. Tofauti yetu ni kubwa: vijiji vimo ndani ya hifadhi, na watu wanakula kutokana na bahari hiyo. Huwezi kufunga mwamba wote, unagawa maeneo. Aliitikia, kisha akasema kwao pia kuna wavuvi walionyimwa mwamba, na ndiyo maana sehemu ya ada wanazolipa wazamiaji huenda Cagayancillo. Bila hiyo, alisema, wangekuwa wanawalinda samaki dhidi ya ndugu zao.

Siku ya mwisho tuliacha kuzama mapema, kwani mwili unahitaji angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wengi husubiri 24. Saa hizo nilizitumia kupita ofisi ya hifadhi, iliyoko Puerto Princesa, kuuliza mgao wa Cagayancillo unavyohesabiwa na nani anausimamia. Maswali hayo hayo nitayapeleka Utende na Chole nikienda Mafia, kabla msimu wa potwe, wale papa wakubwa, haujaanza.